Chujio Lililomchuja Baba Mdogo

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi si mgema, wala huko kwetu Kisii hatukwei minazi, lakini methali hii ilinipata barabara nilipokuwa mwaka wa pili hapa chuoni. Wenzangu wa chama cha Kiswahili walikuwa wamezisifu picha nilizopiga katika kongamano letu, na mhadhiri mmoja akaomba nimpe moja aitundike ofisini mwake. Kuanzia siku hiyo kichwa changu kikavimba. Nikaanza kuamini kwamba kilichokuwa kikinizuia kuwa mpigapicha hodari ni uhaba wa vifaa tu.

Kwa hivyo, Desemba 2022 nilipofunga safari kwenda nyumbani, nilipitia kwa rafiki yangu Nairobi nikaazima vitu viwili: lenzi pana sana ya milimita 10 hadi 22 na chujio lake la kupunguza mng'aro, ambalo mafundi huliita polaraiza. Kamera yenyewe nilikuwa nayo, ya mtumba.

Ndugu msomaji, yafaa nifafanue vifaa hivi kabla ya kukueleza masaibu yangu. Lenzi ya kawaida huona sehemu ndogo ya kilicho mbele yako. Lenzi pana sana huona pembe inayozidi digrii 100, kwa hiyo ukisimama karibu na mlango wa nyumba waweza kuipata nyumba nzima, ua wote, na kilima kilicho nyuma. Polaraiza nayo ni kioo cheusicheusi ndani ya pete inayozunguka, unachokikaza kwa skrubu mbele ya lenzi. Mwanga unaoakisiwa na maji au majani, pamoja na ule unaotawanywa na anga, aghalabu hutikisika katika mwelekeo mmoja zaidi ya mingine. Polaraiza huuzuia mwelekeo mmoja na kuupitisha mwingine. Ndiyo sababu anga hugeuka samawati iliyokolea, na jani lililokuwa liking'aa kama bati likaonyesha ukijani wake.

Boma letu liko kwenye mteremko upande wa Manga, Nyamira, mahali ambapo hata mpira wa watoto haukai uwanjani. Ukoo wote ulikuwa umekusanyika, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mingi. Bibi yetu, ambaye sisi humwita Magokoro, aliketi kwenye kiti mlangoni akinitazama nikikaza vyuma vyangu.

"Mjukuu wangu, hicho ni nini?" akaniuliza kwa Ekegusii.

"Ni chujio, Magokoro."

Akacheka hadi akashika mbavu. "Chujio! Chujio si la chai? Nionyeshe basi makapi yake yanabaki wapi."

Sote tukacheka. Nilimjibu kwamba linachuja mwanga, na mwanga hauna makapi. Nilijiona msomi.

Saa tatu asubuhi niliwapanga jamaa wapatao thelathini, nyuso zikielekea kusini nami nikielekea kaskazini. Wazee waliketi, kina mama wakasimama nyuma yao, watoto wakachuchumaa mbele. Baba yangu mdogo, mtu mwenye haya aliyezikimbia picha maisha yake yote, alikataa kujiunga na kundi. Baada ya kubembelezwa sana, alikubali kusimama juu ya tuta la udongo, ukingoni kabisa, karibu na mgomba. "Hapa ninatosha?" akauliza. Nikachungulia nikamwona. "Unatosha, Baba mdogo," nikamjibu, nikabofya.

Usiku, nilipozifungua picha katika kompyuta, niliona makosa matatu, na yote yalikuwa yangu.

La kwanza lilikuwa angani. Badala ya samawati moja, palikuwa na utepe mweusi uliosimama katikati kama moshi, na pande zake mbili zilikuwa nyeupe. Nilijifunza baadaye kwamba chujio hili huwa na nguvu kamili katika sehemu ya anga iliyo digrii 90 kutoka kwenye jua. Lenzi ya kawaida huiona sehemu ndogo ya anga, hivyo tofauti haionekani. Lenzi pana sana huimeza sehemu yenye nguvu na zile zisizo na nguvu kwa mkupuo mmoja. Njia rahisi ya kubashiri ni kulielekeza jua kwa kidole cha shahada na kuunyoosha uwanda wa kidole gumba kwa pembe mraba. Ukikizungusha kiganja, gumba litapita palepale utepe utakapotokea.

La pili lilikuwa la pembeni. Jua na vumbi la barabara ya kwetu vilikuwa vimenitia hofu, hivyo nilikuwa nimeacha chujio la kinga juu ya lenzi, kisha nikakaza polaraiza juu ya lile la kwanza. Pete mbili zilizopandana zikatokeza mbele kama ukuta, na lenzi, kwa upana wake, ikaziona. Pembe zote nne za picha zilikuwa nyeusi tititi. Kwa nini sikuliona jambo hilo wakati wa kupiga? Kwa sababu kitundu cha kuchungulia cha kamera nyingi za bei nafuu huonyesha takriban asilimia 95 tu ya picha. Kilichoharibika kilikuwa katika sehemu ile ndogo isiyoonekana, na kiwambo cha nyuma hakikusomeka juani.

La tatu ni la lenzi yenyewe. Lenzi pana sana huvuta chochote kilicho ukingoni, kichwa kikawa kama embe lililolazwa.

Na ni nani aliyekuwa ukingoni, juu, kwenye pembe? Nusu ya uso wa baba yangu mdogo ilikuwa ndani ya weusi, na nusu iliyosalia ilikuwa imevutwa. Nilijaribu kuung'arisha weusi ule kwa programu ya kompyuta. Haukung'aa, kwani pale ambapo mwanga haukufika hapana cha kung'arishwa. Nikajiambia kwamba si neno, nitampiga nyingine Krismasi ijayo. Sikumwambia yeyote.

Agosti 2023 baba yangu mdogo alifariki kwa maradhi ya ghafla. Jioni ya msiba, kamati ya mazishi iliketi kupanga kijitabu cha wasifu wa marehemu. Baba akanigeukia mbele ya wazee wote. "Wewe ndiwe mpigapicha. Ile picha ya Desemba tunayo. Mtoe humo mumewe mama mdogo wako tumweke kwenye jalada." Hakuna aliyekuwa na nyingine ya karibuni. Kulikuwa na ile ya kitambulisho tu, ya ujana wake, iliyofifia.

Ilinibidi niseme. Niliifungua picha mbele ya baba, mjane na Magokoro. Mama mdogo aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole ambao ulinichoma kuliko tusi, "Na wewe hukumwona?" Nilimjibu kwamba nilimwona kwenye kamera. Magokoro alikuwa kimya. Hatimaye akasema, "Kumbe makapi yake ndiyo hayo."

Jalada lilibeba picha ya kitambulisho.

Baada ya matanga sikutaka kuigusa kamera. Lakini Septemba nilirudi nyumbani, na Magokoro mwenyewe ndiye aliyeniagiza niilete. Alitaka kupigwa picha na mama mdogo na watoto wake, "kabla hamjatuchuja na sisi." Safari hii nilikuwa nimejifunza kwa unyenyekevu, na ningependa kukushirikisha machache.

Vitabu vingi vya upigaji picha huandikwa na watu wa nchi za mbali, ambao jua lao huinama. Husema kwamba adhuhuri si wakati wa kupiga picha. Kisii na Nyamira ziko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na mwezi wa Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa karibu utosini. Jua likiwa utosini, sehemu iliyo digrii 90 kutoka kwake ndiyo upeo wenyewe, pande zote. Utepe ule mweusi hulala ukauzunguka upeo kama mshipi kiunoni, na anga huwa sawa kutoka kushoto hadi kulia hata kwa lenzi pana. Tatizo linalobaki ni vivuli machoni pa watu. Basi nikawaketisha barazani, chini ya paa, na mandhari nikayapiga peke yake.

Vilevile kuna chujio lililo giza nusu ya juu na angavu nusu ya chini, la kupunguza ukali wa anga. Mpigapicha wa Lamu au Bagamoyo hulifurahia kwa kuwa upeo wake ni mstari wa bahari. Kwetu upeo ni vilima vilivyopandana, na mstari ulionyooka huwatia giza mlima na mikaratusi pamoja na anga. Afadhali kupiga picha mbili, moja ya anga na moja ya ardhi, kisha kuziunganisha. Zipo pia lenzi pana ambazo kioo chake cha mbele kimebenuka kama jicho la chura. Hizo hazikubali chujio la skrubu hata kidogo, ila vioo vikubwa vya mraba katika kishikio maalumu.

Je, basi chujio halina faida? Linayo. Niliingia mashamba ya chai karibu na Kebirigo mvua ilipoanuka. Majani yalikuwa yakimeta meupe. Nilivuta lenzi hadi milimita 22, nikaondoa chujio la kinga, nikaizungusha polaraiza polepole, na mng'aro ukaondoka kama pazia. Ukijani ukajitokeza, majani mawili na chipukizi, shina baada ya shina. Kifaa ni kilekile. Kilichobadilika ni kujua kinazuia nini.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hubishana sana kuhusu istilahi. Kuna anayetaka tuseme filta na kuna anayetaka kichujio. Mimi nimechagua chujio, neno la jikoni, kwa sababu ya swali la Magokoro. Neno la kukopa lisingemfanya aulize makapi yanabaki wapi, na lau ningalijiuliza swali hilo kabla ya kubofya, ningalizitazama pembe.

Picha ya barazani niliipiga kwa lenzi tupu, bila kioo chochote mbele yake, watu wote wakiwa katikati. Kabla ya kubofya nilisogea nyuma hatua mbili, nikazikagua pembe nne moja moja, kisha nikaingia kivulini kukitazama kiwambo. Magokoro alinisubiri bila kulalamika. Nilipomletea picha iliyosafishwa, aliishika karibu na macho na kupitisha kidole kwenye ukingo wake, akiwahesabu wajukuu.

"Wako wote," akasema.

Ile ya Desemba sijaifuta. Ninayo.