Visiwa Viwili, Mfuko Mmoja

Sisi watu wa Kibaha na Kisarawe tumezoea kudhani kwamba kwenda kutazama visiwa ni kazi ya wageni wenye kamera. Mwaka jana fedha za korosho zilipobaki kidogo, mimi na mke wangu tuliwaahidi watoto wetu wawili kisiwa kimoja. Kipi? Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mwanangu mkubwa alitaka Rubondo, katika Ziwa Viktoria. Shuleni alisikia habari zake: ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, karibu chote ni msitu, wamo nzohe na tembo, na sokwe walioletwa toka Ulaya wakaachwa huru kuanzia 1966. Mtoto hakukosea. Lakini toka Kibaha hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,000, na bado hujafika. Nauli ingemaliza mfuko, na bibi yao wa Kisarawe angebaki nyumbani. Mama yangu huyo amepita miaka 70, na alikuwa hajapata kuvuka bahari.

Tukachagua Mafia, ndugu yetu wa Mkoa huu huu wa Pwani. Tulingoja kusi iishe, maana mawimbi yake si ya mzee. Tukaenda kwa basi hadi Nyamisati, na kwa boti hadi Kilindoni. Bibi alishika rozari njia nzima, wala hakutapika. Aliyetapika ni mimi.

Huko Chole tuliona popo wakubwa wakining'inia mtini mchana kama nguo zilizoanikwa. Juani tuliona magofu ya mji wa Kua. Kati ya Oktoba na Februari waweza kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula vijidudu vya majini. Bibi alimtazama toka mashuani, akasema, "Mkubwa hivi, wala hana makuu!"

Basi msomaji, ukichagua kisiwa, usianze na uzuri. Vyote ni vizuri, Mungu ndiye aliyeviumba. Uliza kwanza: nani wa nyumbani hataweza kufika? Kisha uliza habari za upepo, nauli ya kurudi, na mahali pa Misa. Usichukue makombe wala matumbawe. Tangu 1995 sehemu ya bahari ile ni hifadhi. Na ambaye mfuko wake haujajaa, aombe ruhusa kwa walinzi wa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, akae kivulini na wazee na watoto wake.