Tanbihi za 1939

Alhamisi, 12 Februari 2026

Leo darasani tumesoma makala ya Otto Hahn na Fritz Strassmann, ile iliyotoka katika jarida la Die Naturwissenschaften tarehe 6 Januari 1939. Niliwaomba wanafunzi wafunge kwanza vitabu vya kiada. Kitabu cha kiada kinamaliza habari kwa mstari mmoja: nyutroni huingia katika kiini cha urani, kiini hupasuka, nishati hutoka. Makala yenyewe ina njia ndefu zaidi, na ndiyo njia niliyotaka waione.

Sehemu kubwa inazungumzia radiamu. Wakemia hawa wa Berlin walidhani ndiyo inayozaliwa ndani ya urani iliyopigwa nyutroni. Lakini ilikuwa kidogo mno, haishikiki wala haipimiki kwa mizani, ikijulikana kwa mnururisho wake tu. Kwa hiyo waliiwekea bariamu ya kawaida iibebe, maana radiamu na bariamu ni ndugu wa karibu katika kemia. Baadaye mtu huzitenganisha kwa kugandisha fuwele hatua kwa hatua, na radiamu hutangulia kujikusanya katika fuwele za mwanzo. Ya kwao haikutangulia. Kila walipopima, ilikuwa imesambaa sawasawa na bariamu. Basi wakaijaribu mbinu ileile kwa radiamu ya kweli, nayo kidogo vilevile, ikajitenga kama kawaida. Mbinu ilikuwa salama. Kilichokuwamo ndani ya chombo kilikuwa bariamu, elementi yenye uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya urani.

Nimekaa sana kwenye aya za mwisho. Wanaeleza kwamba kwa ukemia wao inawapasa waandike bariamu, lakini kwa kuwa kazi yao inapakana na fizikia hawajathubutu bado kupiga hatua inayopingana na yote yaliyojulikana kuhusu kiini. Wana hofu, na wanachapisha. Mhariri aliipokea tarehe 22 Desemba 1938, na baada ya wiki mbili dunia nzima ikawa na uwezo wa kuirudia kazi yao na kuikosoa. Huo ndio uungwana wa sayansi ninaotamani vijana hawa wauzoee mapema.

Ijumaa, 13 Februari

Binti mmoja wa mwaka wa pili alinisubiri mlangoni. "Shikamoo, mwalimu. Huyu Meitner wa kwenye tanbihi ni nani? Katika kazi za nyuma wanazozitaja na yeye yumo, halafu hapa juu hayupo."

Nilifurahi mno kwamba ameliona mwenyewe. Nikamketisha.

Lise Meitner ndiye mwanafizikia wa kundi lile. Yeye ndiye aliyemvuta Hahn waianze kazi ya urani na nyutroni mwaka 1934. Alizaliwa Vienna katika familia ya Kiyahudi, na Ujerumani ilipoimeza Austria akabaki hana kinga. Julai 1938 alitoroka kupitia Uholanzi, akaishia Stockholm, katika taasisi ambamo hakuwa na vifaa wala wasaidizi wa maana. Hahn alimwandikia tarehe 19 Desemba, kabla ya kuipeleka makala, akimweleza habari ya bariamu na kumwomba atafute maelezo yoyote yanayowezekana. Maana yake, aliyekuwa mkimbizi aliulizwa kwanza. Lakini kwa Ujerumani ya wakati ule, jina lake lisingeweza kukaa juu ya makala ile.

Krismasi hiyo alikuwa Kungälv, mji mdogo wa Sweden, pamoja na mpwa wake Otto Frisch. Wakafanya hesabu. Vipande viwili vya kiini, vyote vyenye chaji chanya, vitasukumana kwa nguvu na kuachana na nishati ya elektroni-volti milioni 200 hivi. Hiyo nishati inatoka wapi? Meitner alikumbuka namna ya kukadiria uzito wa viini: vipande viwili vikijumlishwa vinapungukiwa kama moja ya tano ya uzito wa protoni moja. Ukiugeuza upungufu huo kuwa nishati kwa kanuni ya Einstein, unafika palepale, milioni 200. Njia mbili zisizohusiana, jibu moja. Binti aliifanya hesabu ubaoni mwenyewe, akarudi nyuma kidogo kuitazama.

Makala ya Meitner na Frisch ilitoka katika Nature tarehe 11 Februari 1939. Ni fupi sana. Nobeli ya kemia ya mwaka 1944 alipewa Hahn peke yake. Naliona kosa hilo kuwa kubwa, na elementi ya 109 kupewa jina la Meitner hakulifuti.

Jumatatu, 16 Februari

Jioni nilirudi nyuma hadi 1934. Ida Noddack, mkemia, aliandika katika Angewandte Chemie kwamba Enrico Fermi, mwanafizikia aliyeipiga urani kwa nyutroni, hakuwa na haki ya kudai elementi mpya kabla ya kuziondoa zote zinazojulikana, na kwamba huenda kiini kizito kinavunjika vipande vikubwa. Wengi humlaumu kwa kutofanya jaribio. Mimi nawalaumu waliosoma wakapita.

Fermi alipokea Nobeli Desemba 1938, na katika mhadhara wake akazitaja elementi hizo mpya kwa majina, Ausonium na Hesperium. Mhadhara ulipochapwa ulikuwa umeongezwa tanbihi: ugunduzi wa Hahn na Strassmann unalazimu elementi hizo zichunguzwe upya. Hakuifuta kauli yake, aliiacha na kuiwekea sahihisho chini, kila mtu aone. Nimeipenda sana tanbihi hiyo.

Ijumaa, 20 Februari

Makala kubwa ya Niels Bohr na John Wheeler kuhusu mpasuko ilitoka tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland. Baada ya hapo kurasa zinaanza kukauka. Mwaka 1940 wanafizikia wa Marekani walikubaliana wenyewe kuzuia makala za urani. Barua za Glenn Seaborg na wenzake kuhusu elementi ya 94, plutoni, zilipokelewa na Physical Review mwaka 1941 na kuchapishwa 1946, zikiwa na maelezo kwamba zilizuiwa kwa hiari hadi vita viishe.

Kimya kikamfikia Georgy Flerov, mwanafizikia wa Kisovieti. Yeye na Konstantin Petrzhak walikuwa wamechapisha katika jarida hilohilo mwaka 1940 kwamba urani hupasuka yenyewe pia. Mwaka 1942, akiwa askari, aliingia maktaba huko Voronezh kutafuta nani amewajibu. Hakuna. Akatazama tena: majina makubwa yote ya fani yametoweka kwa pamoja. Akajua kwamba Wamarekani wanatengeneza bomu, akamwandikia Stalin.

Jumapili, 22 Februari, baada ya futari

Einstein alimwandikia Roosevelt barua yenye tarehe 2 Agosti 1939, na ndani yake Kongo ya Wabelgiji inatajwa kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Ni mgodi wa Shinkolobwe huo, Katanga, karibu na Likasi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya migodi ya Union Minière alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe yaliyokwisha kuchimbwa hadi New York, na mwaka 1946 Marekani ikamvisha nishani. Katika makala zote nilizosoma kwa ajili ya somo hili, sijakutana na jina la mchimbaji hata mmoja, juu wala chini ya ukurasa.

Jumanne nitaanza na ramani ya Katanga, ndipo niwape barua za Seaborg. Na yule binti nitamwomba aeleze mbele ya wenzake habari ya Meitner.