Kikikosekana, Nani Anaumia?

Nilipokuwa darasa la tano, kaka yangu alipewa dawa katika zahanati moja, na baada ya siku mbili mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Macho yakageuka manjano, akaishiwa nguvu hata za kukaa. Majirani walitaja uchawi. Alipona, na miaka mingi baadaye, alipopimwa, aliambiwa kwamba mwili wake una upungufu wa kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfati dehidrojenesi, kwa kifupi G6PD.

Niliyakumbuka hayo wiki iliyopita, mwanafunzi wa biolojia aliponionyesha kazi yake: orodha ndefu ya vimeng'enya, kila kimoja na namba yake. Namba ya G6PD ni 1.1.1.49. Mfumo huo, ambao ripoti yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1961, hueleza aina ya kazi: tarakimu ya kwanza hutaja kundi la vimeng'enya vinavyohamisha elektroni, mbili zinazofuata huainisha zaidi, na 49 ni nafasi tu katika orodha. Nikamuuliza, “Na kikikosekana, nani anaumia?” Orodha haikuwa na jibu.

Jibu lilikuwa kwenye ramani. Kanzidata ya KEGG, iliyoanzishwa Japani mwaka 1995, huchora njia za umetaboli: kila kisanduku ni kimeng'enya, kila mshale ni kitu kimoja kikigeuka kingine. Mwanafunzi alipoitafuta namba yake, aliikuta mlangoni mwa njia ya pentosi fosfati. Hapo sukari hutumika kutengeneza NADPH, ambayo hukinga seli dhidi ya madhara ya oksijeni kali. Seli nyingine zina njia zaidi ya moja ya kuipata. Seli nyekundu ya damu, isiyo na mitokondria, inaitegemea hii. Primakwini au dapsoni ikiizidishia madhara hayo, seli yenye upungufu hupasuka. Katika mshale mmoja mfupi nilimwona kaka yangu.

Maarifa haya yana historia chungu. Upungufu huo ulitambuliwa mwaka 1956 na watafiti wa Chicago, kutokana na majaribio ya primakwini kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois. Walioonekana kudhurika kwa urahisi zaidi walikuwa wafungwa weusi. Hata hivyo, mwaka 2003 dawa ya malaria yenye klorproguanili na dapsoni iliidhinishwa kwa ajili ya Afrika, bara ambamo upungufu huo umeenea. Mwaka 2008 iliondolewa, baada ya majaribio kuonyesha kwamba wenye upungufu walipungukiwa damu kwa kiwango cha hatari. Kimeng'enya kilikuwa na namba, njia yake ilikuwa imechorwa, na tabia ya dapsoni ilikuwa inajulikana tangu zamani. Mshale uliokosa kupewa uzito ni ule wa mwisho, unaotoka kwenye ramani kwenda kwa mgonjwa.

Ndugu msomaji uliye katika utumishi wa umma, nawe unatunza orodha: za dawa, za vituo, za wagonjwa. Orodha huhesabu, haielezi nani anamtegemea nani. Na ramani nayo isiaminiwe kwa upofu. Viungo vingi kati ya jeni na kazi yake hukisiwa na kompyuta kwa kufanana na jeni nyingine, na kosa la mmoja hunakiliwa na wengi. Kwa hiyo tunahitaji vijana wetu wenyewe wa kuhakiki, si wa kupakua tu.

Mwanafunzi yule alirudi jana. Ameongeza safu mbili katika jedwali lake: moja ya njia ambamo kimeng'enya hufanya kazi, nyingine ya anayeumia kikikosekana. Safu ya pili bado ina nafasi nyingi tupu. Nimemwambia asizijaze kwa haraka.