Kabla ya Kusema Imekufa

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu, wiki hii tumeona tuzungumze juu ya chombo ambacho bado kimo katika nyumba kadhaa za Pwani, kimekaa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa: risiva ya stirio, ile redio kubwa yenye uso wa rangi ya fedha na nobu nzito. Nyingi zililetwa na ndugu zetu waliokwenda Arabuni kutafuta riziki katika miaka ya 1970 na 1980. Leo zikinyamaza huambiwa zimekufa, na mnunuzi wa vyuma chakavu hayuko mbali na mizani yake.

Marhum kaka yetu aliacha moja, Pioneer aliyorudi nayo kutoka Jeddah. Spika ya kushoto ilikuwa kimya, na ya kulia ikikwaruza kila nobu ya sauti ilipoguswa. Fundi mmoja aliitazama bila kuifungua, akasema haifai tena. Lakini shemeji yetu amehifadhi kaseti saba alizopelekewa na mumewe kwa mikono ya wasafiri, barua za sauti za zama ambazo simu ilikuwa ghali. Tulipomwambia kwamba zaweza kusikilizwa katika kiredio kidogo, alijibu: "Shekhe, humo nasikia maneno tu. Mimi nataka kumsikia mwenyewe." Basi tukaagiza bisibisi.

La kwanza ni usalama. Plagi hutolewa ukutani, kisha mtu hungoja, kwani kapasita kubwa zilizomo ndani huhifadhi umeme hata baada ya mashine kuzimwa. Na mwenye mashine iliyotoka Saudia aangalie nyuma yake imewekwa volti ngapi. Kwa miaka mingi nyumba nyingi za huko zilitumia volti 127, ilhali umeme wetu ni volti 240. Mashine iliyowekwa volti 120 ikichomekwa hapa huungua.

La pili ni kuuliza kabla ya kuhukumu. Mashine ikiwa imezimwa, tulibadilisha nyaya: spika ya kulia tukaihamishia kushoto, na ya kushoto kulia. Lau ukimya ungehama pamoja na spika, lawama ingekuwa ya spika au waya wake. Ukimya ulibaki kushoto. Tukajua ugonjwa umo ndani ya risiva. Kisha tukaacha kaseti tukafungua redio, na upande ule ukanyamaza vile vile. Deki ya kaseti nayo ikatoka katika tuhuma, na bado hatujafungua hata skrubu moja.

Ndani tulikuta vumbi la miaka mingi na athari ya hewa yetu ya chumvi. Nobu ya sauti ina utepe wa kaboni, na juu yake huteleza kidole chembamba cha chuma; uchafu ukiingia baina yao, sauti hukwaruza au hukatika. Swichi nazo hupatwa na hayo hayo. Tulitumia dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, wala si mafuta ya bawaba, ambayo huacha utando wa kunasa vumbi. Tulipuliza kidogo tu, tukazungusha kila nobu mwanzo hadi mwisho mara 30, tukabonyeza kila swichi, tukaiacha ikauke hadi siku ya pili. Vibapa vya kutafutia stesheni hatukuvigusa, kwani vikipinda, stesheni huhama mahali pake. Wala kioo cha namba hatukukipangusa kwa spiriti upande wa ndani, maana maandishi huondoka.

Kuiwasha mara ya kwanza tulimwachia kijana wetu anayeujua umeme. Aliupitisha katika balbu ya zamani ya wati 100 kabla ya kufika kwenye mashine. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna hitilafu, nayo izimwe apewe fundi aliye tayari kuifungua. Yetu iliwaka, ikafifia. Akaiondoa balbu, akaunganisha moja kwa moja. Baada ya sekunde chache rilei ikalia tik, na spika zote mbili zikanena.

Kaka yetu alikuwa akiuliza iwapo paa limeshaezekwa kabla ya masika. Shemeji yetu aliinamisha kichwa. "Limeezekwa," akajibu taratibu.

Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo haikuishia kwenye habari za sokoni. Katika vyuo vyetu, mtoto asiyejibu huitwa mzito, na mzazi akaambiwa amtafutie kazi nyingine. Walimu wenzetu, mhamisheni kwanza kutoka nyuma aje mbele. Mkalisheni upande wa pili wa mwalimu. Muulizeni kama amekula. Huenda sikio lake moja halisikii, au haoni ubao, au nyumbani mna msiba asioweza kuutaja. Mtoto huyo hajafa moyo, hajafunguliwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atupe subira ya kuchunguza kabla ya kutamka. Amin.