Kiangazi hiki tusiiache bustani ife

Tumeingia mwezi wa saba. Hapa Bukavu na vijiji vya kandokando mvua imekatika, vumbi limejaa barabarani, na wengi wameegemeza jembe ukutani wakingoja mwezi wa tisa. Mimi ninayezunguka na kirekodi mkononi naona kila mwaka jambo lile lile: anayewahi kupata mboga mvua ikirudi ni yule aliyefanya kazi wakati wa jua.

Nyuma ya nyumba yetu mama ana bustani ndogo. Tangu familia moja iliyokimbia vita ifikie kwetu, sahani zimeongezeka lakini udongo ni ule ule. Basi kazi za kiangazi tunazifanya pamoja.

Ya kwanza ni udongo wenyewe. Usiuache uchi. Majani uliyong'oa na mabua ya mahindi usiyachome moto, yatandaze juu yake. Jua halitaukausha sana, na mvua za kwanza, ambazo kwenye milima yetu huanguka kwa nguvu, hazitateremsha udongo mzuri hadi ziwani. Kwenye mteremko, chimba sasa mitaro ya kukata mlima.

Ya pili ni mbegu. Matembele hufa kwa jua, kwa hiyo mama hupanda mashina machache karibu na mahali pa kuogea, maji yanapopita. Maharagi ya mbegu yaanike vizuri, yachanganye na majivu makavu yaliyochekechwa, jaza bido na ufunge sana, wadudu wasiyatoboe. Miti ya muhogo isimamishe kivulini. Ile ambayo majani yake yalikuwa na madoa ya manjano na kujikunja, usiipande tena.

Lakini adui mkubwa wa mbegu ni njaa. Mama aliyefikia kwetu alikuja na kopo moja la maharagi ya kwao, amelifunga ndani ya kitenge. Siku moja hakukuwa na kitu cha watoto, akalifungua apike. Mama yangu akamwambia: "Mdogo wangu, hayo yaache. Leo tutakula sombe yangu, mwezi wa tisa tutapanda maharagi yako." Kopo hilo bado liko juu ya kabati. Wenyeji mliopokea wageni, sahani moja mnayotoa leo inaweza kuokoa msimu mzima.

Ya tatu ni ulinzi. Kiangazi majani ya porini yamekauka na mbuzi wanaingia popote penye kijani. Ua wa matete au miiba unatosha. Wasio na kiwanja wapande lengalenga ndani ya gunia lenye udongo na samadi, karibu na mlango. Maji ya kuoshea mboga na maharagi yanafaa kumwagilia, asubuhi mapema au jioni. Ya sabuni nyingi, hapana.

Ya mwisho ndiyo inayoleta machozi mengi. Familia inaazimwa kipande cha shamba kilichojaa magugu. Inalima kiangazi chote, inaweka samadi, halafu mvua ikianza mwenye shamba anasema: sasa nakihitaji. Nimesikia malalamiko haya mara nyingi, na mara nyingi hakukuwa na shahidi. Kabla ya kushika jembe, kaeni na mwenye shamba mbele ya nyumbakumi na majirani wawili. Andikeni kwenye karatasi mipaka ni ipi, ni kwa misimu mingapi, na mavuno yatagawanywaje. Kila upande ubaki na karatasi yake. Hata mwenye shamba inamlinda.

Tumebakiwa na kama miezi miwili. Tuangalie mbegu zetu leo, na tuulizane na jirani amebakiwa na nini.