Kupaka, kupakana, kupakaziwa

Kuna neno moja la Kiingereza linalonipa tabu kila ninapotafsiri habari za mashirika ya nje. "Smear". Liko kila kona. Mama anachukuliwa chembe za mlango wa kizazi zipimwe saratani: smear. Mtu wa maabara anatandaza tone la damu kwenye kioo atafute malaria: smear. Mtoto kajipaka uji usoni: smear. Mgombea anazushiwa siku tatu kabla ya uchaguzi kuwa ni mwizi: smear tena! Unabaki unajiuliza, hivi hawa wenzetu waliishiwa maneno?

Kisha nikarudi kwenye Kiswahili changu, nikakuta nasi tunalo. Paka. Simsemi yule anayekamata panya.

Twende kwetu Kyela. Ukifika Matema siku ya Jumamosi, kwenye gulio la Lyulilo, utakuta vyungu vya Wakisi vilivyoletwa kwa mitumbwi kutoka vijiji vya chini ya milima ya Livingstone. Akina mama wanavifinyanga kwa mikono, wanavilainisha, wanavipaka udongo wa rangi. Mtoto akitoka kuoga ziwani anapakwa mafuta. Zahanati nako, sehemu nyingi za nchi yetu, muuguzi anayechunguza saratani ya mlango wa kizazi hupaka siki: penye mashaka panageuka kuwa peupe.

Na kile kioo cha damu? Tone moja hutandazwa liwe jembamba hadi mwanga upite, jingine huachwa zito kidogo ili vimelea wasikwepe. Halafu hutiwa rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la Mjerumani Gustav Giemsa aliyeitengeneza Hamburg mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Kyela yenyewe iko chini ya Wajerumani. Bila rangi ile huoni kitu. Wanaipaka ili waone.

Sasa ongeza silabi, uone mambo yanavyoharibika. Paka, pakaza, pakazia, pakaziwa. Kijana wa Dar akikwambia "jamaa kapakaziwa", huulizi kama ni mafuta au rangi. Unajua kabebeshwa lisilo lake.

Kuna na umbo jingine: pakana. Vitabu vya jiografia vinasema Kyela inapakana na Malawi. Mpaka ni mto Songwe, ambao nao hautulii. Mafuriko yakija unahama mkondo, na mtu anaamka shamba lake liko ng'ambo. Lakini kupakana ni kupakana matope pia. Kiswahili kimeweka ujirani na kuchafuana katika neno moja, na wala hakikukosea.

Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliliona hilo. Mwaka 1951 alichapisha makala akieleza kwamba Wanyakyusa walimshuku uchawi zaidi jirani kuliko ndugu wa ukoo. Mchawi aliaminika kuwa na chatu tumboni, chatu mwenye uchu wa nyama na maziwa. Kwa hiyo ukila peke yako, au ukifanikiwa kuliko wenzako, macho yanakugeukia. Aliyetuhumiwa aliweza kunyweshwa mwavi: akitapika, msafi. Na wengi waliotuhumiwa walihama tu.

Mnadhani hayo ni ya miaka ya 1930?

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, kijijini kwetu alifariki mtoto wa miaka minne. Alikimbizwa hospitali usiku, amechelewa. Damu yake ilipakwa kwenye kioo, majibu yakaandikwa: malaria, tena nyingi. Karatasi ilirudi nyumbani pamoja na msiba. Nilidhani yameisha. Siku ya pili matangani, mzee mmoja akasema taratibu, "Malaria tunaijua. Swali ni nani kaituma."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Alimtazama bibi mmoja, mjane, ambaye shamba lake la kakao linapakana na la wafiwa. Msimu ule kakao yake ilikuwa imezaa vizuri. Basi, chatu huyo akapatikana! Watoto wakaacha kumsalimia. Dukani anahudumiwa wa mwisho. Kabla ya mvua nyingine alikuwa amehamia kwa binti yake Tukuyu, na kakao yake ikavunwa na watu ambao hawakuipanda.

Hapo ndipo nilipoacha kuwacheka Waingereza. Smear mbili, kijiji kimoja, wiki moja. Ile ya kioo ilikuwa na tarehe, namba na saini ya aliyeisoma. Ile ya matangani haikuwa na lolote. Ikashinda.

Tunayo methali inayosaidia ushindi huo: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naiogopa methali hii kuliko zote. Inampa mzushi haki mara mbili: leo, na kesho pia.

Na sisi wa magazeti tunayo yetu. "Anadaiwa." "Inasemekana." Zinatua mezani habari za "ajuza anayedaiwa kuwa mchawi", na mwandishi anaamini neno anadaiwa limemsafisha. Limemsafisha yeye. Ajuza je? Sheria ya Magazeti ya 1976 ilizungumzia kashfa, na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliyochukua nafasi yake nayo ikazungumzia. Lakini bibi wa Kyela anampata wapi wakili? Nauli ya kwenda mjini tu ni mtihani.

Kiswahili kinatupa silaha ndogo, ya bure. Kitenzi kikiishia na -iwa, mlango uko wazi kuuliza: na nani? Kapakaziwa na nani? Anadaiwa na nani? Aliyedai anapakana naye wapi, na wanagombea nini? Swali la mwisho ndilo ambalo pale matangani hakuna aliyeliuliza, ingawa mti wa kakao wenye jibu ulionekana kutoka tulipokaa.

Mwenzangu, habari ya namna hiyo ikitua mezani kwako leo, uliza kioo kiko wapi. Kama hakipo, usipake.