Kuuguza Pua

Pua ni kiungo kidogo katika mwili wa binadamu, lakini haina likizo usiku wala mchana. Kwa siku moja hewa inayopita humo huzidi lita 10,000, na kila pumzi hupashwa joto, hutiwa unyevu na kuchujwa vumbi kabla ya kufika mapafuni. Mwenye pua nzima hana habari ya kazi hiyo. Thamani yake huijua yule ambaye pua yake imeziba.

Mvuvi mmoja wa Utende, katika kisiwa cha Mafia, aliijua thamani hiyo kwa miaka mingi. Katika ujana wake foromali ya mashua ilimpiga usoni wakati wa kupindua tanga. Uvimbe ulipoa, lakini ukuta wa gegedu unaotenga tundu mbili za pua ulipinda, na tundu ya kushoto ikawa haipitishi pumzi. Kwa mtu wa nchi kavu hiyo ni kero. Kwa mpiga mbizi ni hasara. Anayezama hubana pua na kusukuma pumzi ili masikio yafunguke. Naye kila aliposukuma, sikio moja lilikataa, akarudi juu na maumivu kabla ya kumfikia pweza aliyekuwa akimtafuta.

Tiba ya pua si jambo geni duniani. Waandishi wa Misri ya kale, yapata miaka 3,600 iliyopita, waliandika jinsi ya kunyosha pua iliyovunjika na kuitia vizibo vya kitani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Freer wa Marekani na Killian wa Ujerumani walionyesha njia ya kuondoa gegedu lililopinda bila kuharibu utando unaolifunika. Kazi ya namna hiyo, ikiwa imeboreshwa sana, ndiyo aliyofanyiwa mvuvi huyu Dar es Salaam. Haikuchukua hata nusu ya asubuhi. Vizibo vya shashi vilipotolewa aliruhusiwa kusafiri. Akashika njia ya Nyamisati, akavuka bahari mpaka Kilindoni, akafika kwake.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Daktari hukata na kushona, lakini kuponya huachiwa nyumba. Na kazi ya nyumba ilikuwa ngumu kwa sababu karibu yote ilikuwa ya kutotenda: asipenge kamasi, asiiname, asinyanyue kitu kizito, asinywe uji wa moto, asizame baharini mpaka daktari amruhusu. Chafya ikija, aiache itoke kwa kinywa wazi. Alale kichwa kikiwa juu. Mkewe akampangia mito mitatu ya sufi. Mama yake akahamisha jiko upande wa pili wa ua, kwa kuwa moshi wa makumbi na vifuu ungemchokoza, na pilipili haikukaangwa nyumbani kwa siku nyingi.

Wageni walikuja, kama ilivyo ada, na kila mmoja alikuja na shauri lake. Mmoja alisema asafishe pua kwa maji ya bahari, maana chumvi yake ni ya bure. Mkewe alimshukuru, kisha akaendelea kuchemsha maji ya kisima, kuyapoza na kuyatia chumvi kwa kipimo alichofundishwa, kwa kuwa maji yasiyochemshwa huingia na uchafu katika kidonda.

Usiku wa siku ya sita muhina ulimtoka. Jirani aliyeitwa alitaka kumwinamisha kichwa nyuma, kama walivyofanya wazee. Mkewe akakataa kwa adabu: "Shemeji, niwie radhi; damu ikirudi kooni ataimeza na kutapika." Akamkalisha, akamwinamisha mbele kidogo, akamwekea kitambaa cha maji baridi usoni, na kijana akaambiwa aiwashe pikipiki ikae tayari kwa safari ya Kilindoni. Aliyemfanyia kazi ile alikuwa ng'ambo ya bahari. Kati ya mgonjwa na hatari palikuwa na mwanamke mmoja aliyesikiliza vema siku ya kuruhusiwa. Damu ilikatika kabla ya safari.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja bila damu. Bamvu liliingia, maji yakapwa mbali, bahari ya kaskazi ikatulia kama kioo, na wenzake wakapita mlangoni na mikuki yao. Akiba ilikuwa imepungua, naye alijiona mzima. Mama yake alimtazama akivaa, akasema, "Mwanangu, bahari haina miguu ya kukukimbia." Akavua, akaketi. Fedha ya bamvu lile ilipotea, na sukari ikakopwa dukani.

Tena alihuzunika kila tundu moja ilipoziba na nyingine kufunguka, akidhani tiba imeharibika. Aliporudi kuonyeshwa kidonda, aliambiwa kwamba hata pua nzima hupokezana hivyo kila baada ya saa chache: upande mmoja hujaa, mwingine hupwa. Mtu wa pwani hakuhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Harufu ilichelewa kuliko pumzi. Kwa majuma kadhaa wali wa nazi ulikuwa laini tu kinywani, hauna utamu wala ukali. Kisha alasiri moja upepo ulileta uvundo wa makumbi yaliyofukuliwa matopeni kwa ajili ya kusokota kamba. Waliokuwapo walifunika nyuso zao. Yeye alivuta pumzi, kwa tundu zote mbili, akacheka. Afya hairudi na marashi peke yake; hurudi na kila kitu kilichokuwa chake, kizuri na kibaya, nayo hupokewa na wale walioingoja bila kuiharakisha.